Moshi wa Mmoja, Madhara ya Wote

Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa afya na malezi, twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, wazazi na vijana, juu ya jambo lililozoeleka mno hata macho yetu hayalioni tena. Jambo lenyewe ni uvutaji wa sigara. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya mvutaji na mwili wake. Sisi twataka kusema zaidi juu ya wale wanaokaa naye chini ya dari moja, ambao hawakuuchagua moshi ule wala hawakuulizwa.

Mvutaji akinasihiwa, jawabu yake mara nyingi huwa ni hii: "Mwili ni wangu, pesa ni zangu, na madhara yakija yatanipata mimi." Jawabu hii ina madai matatu, nasi tutayatazama moja baada ya moja, tuone ni lipi kati yake litakalosimama mbele ya ukweli.

Dai la kwanza: Mwili ni wangu

Sisi Waislamu hufundishwa tangu udogoni kwamba mwili ni amana. Mwenye kuwekewa amana huitumia kwa wema na huirudisha salama. Hana ruhusa ya kuichoma kidogo kidogo kisha akasema ni mali yake. Basi na tutazame mvutaji anaifanyia nini amana hii.

Moshi wa sigara si moshi wa majani makavu tu. Wataalamu wamehesabu ndani yake kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 miongoni mwa hizo zinajulikana kuwa zaleta saratani. Hatuwezi kuzitaja zote. Tutataja vitu vitatu ambavyo kila mzazi yampasa avijue.

Cha kwanza ni lami. Huu ni utomvu mweusi wenye kunata, ambao huingia pamoja na moshi na kuganda katika njia za hewa na mapafu. Mwenyezi Mungu ameziumba njia hizo zikiwa na vinyweleo vidogo mno, ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na makohozi kuyapeleka juu ili yatoke. Moshi huvilemaza vinyweleo hivyo. Ndipo utamwona mvutaji akiamka asubuhi na kikohozi kizito, akitoa kwa nguvu za kifua kile ambacho kingalitoka chenyewe pasi na taabu. Watu hukiita kikohozi hicho cha kawaida, na hali hicho ni kilio cha mapafu.

Cha pili ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo ndiyo ile ile ambayo huwaua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo damu ya mvutaji hubeba sumu mahali pa uhai, na moyo wake hulazimika kufanya kazi nyingi zaidi kwa faida iliyo chache zaidi.

Cha tatu ni nikotini. Hii hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20 tangu moshi kuvutwa, nayo ndiyo kamba inayomfunga mtu. Mvutaji husema kwamba sigara humtuliza. Kwa hakika, wasiwasi ule anaoutuliza, sehemu yake kubwa imeletwa na sigara iliyotangulia. Ni kama mtu anayekopa ili alipe deni, kisha akafurahi kwamba amelipa.

Matokeo yake si maneno ya kukisia. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitoa khabari za uchunguzi wao juu ya wagonjwa wa hospitali za London, wakaonyesha uhusiano mkubwa baina ya sigara na saratani ya mapafu. Kisha mwaka 1951 wakaanza kuwafuatia matabibu wa Uingereza, wanaume zaidi ya 34,000, ili waone nani atakufa na kwa maradhi gani. Uchunguzi huo ulidumu kwa miaka 50. Mwaka 2004 ilipotolewa khabari yake ya mwisho, ilionekana kwamba waliodumu kuvuta sigara maisha yao yalikuwa mafupi kwa kiasi cha miaka 10 kuliko wale ambao hawakuvuta kabisa. Wala hawa hawakuwa watu wasiojua dawa au wasioweza kuifikia. Walikuwa ni matabibu wenyewe.

Na saratani ya mapafu si peke yake. Sigara huleta saratani ya kinywa, ya koo, ya umio na ya kibofu. Huharibu mishipa ya damu hata moyo ukashtuka au mtu akapatwa na kiharusi. Humfanya mtu ahangaike kutafuta pumzi hata kwa kupanda ngazi chache. Humzidishia khatari ya kupatwa na kifua kikuu. Na huwadhoofisha wanaume katika nguvu za ndoa. Shirika la Afya la Dunia linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Je, ni amana gani hii inayotunzwa namna hii?

Dai la pili: Madhara yatanipata mimi

Hili ndilo dai ambalo twawaomba wazee wa nyumba walisome kwa makini kuliko yote.

Mwaka 1981 tabibu mmoja wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya wake 91,540 katika nchi ya Japani. Wanawake hawa wote hawakuwa wakivuta sigara. Aliwafuatia kwa miaka 14, akatazama ni wangapi watakaokufa kwa saratani ya mapafu, kisha akawapambanua kwa jambo moja: je, mume wa huyu anavuta au havuti? Akaona kwamba wale ambao waume zao walivuta sigara 20 au zaidi kwa siku, khatari yao ya kufa kwa saratani ya mapafu ilikuwa karibu mara mbili ya wale ambao waume zao hawakuvuta. Na kadiri mume alivyovuta zaidi, ndivyo khatari ya mke ilivyozidi.

Basi na tuzingatie. Wanawake hawa hawakuwasha kiberiti. Kosa lao lilikuwa ni kukaa katika nyumba zao wenyewe, wakapika, wakalea, wakalala kando ya waume zao. Makampuni ya tumbaku yaliupinga uchunguzi huu kwa kila njia, lakini uchunguzi mwingine ukafuata katika nchi nyingi ukauthibitisha. Mwaka 2006 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alieleza katika ripoti yake kwamba hapana kiasi cha moshi wa sigara ya mwingine kilicho salama kuvutwa. Leo Shirika la Afya la Dunia linahesabu kuwa zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta hufa kila mwaka kwa ajili ya moshi wa wenzao.

Ama watoto, khabari yao ni nzito zaidi. Mtoto huvuta pumzi kwa haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Mtoto anayelelewa katika moshi huzidi kupatwa na maradhi ya kifua na nimonia, huzidi kuumwa na masikio, na akiwa na pumu humpanda mara nyingi na kwa ukali zaidi. Watoto wachanga huwamo katika khatari ya kufa ghafula usingizini. Hata aliye tumboni hasalimiki: mama mja mzito akikaa katika moshi wa mumewe, mtoto huweza kuzaliwa akiwa na uzito mdogo.

Ni mara ngapi baba hurauka usiku kumkimbiza mwanawe hospitali kwa kuwa kifua kimembana, akatoa pesa, akalia, akaomba dua, kisha akatoka nje kwenye baraza ya hospitali akawasha sigara ili atulize moyo! Hapana shaka kwamba baba huyu anampenda mwanawe. Tatizo lake si upungufu wa mapenzi. Ni upungufu wa khabari. Ndiyo sababu twaandika.

Huenda mtu akasema: "Mimi huvuta karibu na dirisha," au "Mimi huvuta katika chumba cha peke yangu." Jawabu ni kwamba ripoti ile ile ya mwaka 2006 ilibainisha kuwa kutenga chumba, kufungua madirisha au kuzungusha hewa kwa mapanka hakuondoi khatari. Moshi hauna adabu ya kubisha hodi. Hupita chini ya mlango, hupanda juu ya ukuta usiofika darini, na hushika katika mapazia, magodoro na mito ambayo mtoto huilalia. Nyumba salama ni ile isiyovutwa sigara ndani yake kabisa.

Hapa ndipo jambo hili linapogusa dini yetu kwa namna isiyofichika. Tumbaku ilienea katika nchi za Kiislamu mnamo mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, na wanazuoni wa zama hizo walikhitalifiana: wako walioiharimisha, wako walioikirihi, na wako walioiona kuwa mubaha. Ukurasa huu si mahali pa kutoa fatwa, na wenye elimu hiyo wapo. Wengi wao katika zama zetu wameiharimisha. Sisi twapenda kusema jambo moja tu. Walioiacha zamani kuwa mubaha hawakuletewa hesabu za Doll wala za Hirayama; walihukumu kwa yale waliyoyajua. Sisi tumekwisha kujua. Na kanuni ya kwamba mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenziwe hakuna mwanazuoni aliyeikhitalifu. Tena dini ambayo imemwelekeza aliyekula kitunguu kibichi akae mbali na msikiti, asiwaudhi wenziwe kwa harufu, itasemaje juu ya mtu anayewatia wanawe sumu vifuani?

Dai la tatu: Pesa ni zangu

Na tufanye hesabu ndogo. Mtu anayevuta sigara 10 kwa siku, kwa mwaka mmoja huvuta sigara 3,650. Akianza akiwa na umri wa miaka 20 na akafika miaka 50, atakuwa amevuta sigara 109,500. Kila mvutaji anajua bei ya sigara moja katika duka la mtaani kwake. Na achukue kalamu azidishe mwenyewe, kisha ajiulize: hii ilikuwa ni karo ya miaka mingapi? Ilikuwa ni mabati mangapi? Ilikuwa ni mtaji wa biashara gani?

Kununua sigara moja moja kumewadanganya wengi. Mtu hutoa sarafu asubuhi, sarafu adhuhuri, na sarafu jioni, wala haoni kwamba ametoa kitu. Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza kwamba haba na haba hukimaliza pia.

Tena pesa za mwenye aila si zake peke yake. Ndani yake mna nafaka ya mke na watoto, nayo ni haki yao wala si hisani. Mtu anayepunguza maziwa ya mtoto ili asipungukiwe na sigara amechukua kisichokuwa chake. Na hesabu haijakwisha hapo, kwani maradhi nayo yana bei yake, na mara nyingi alipaye ni mtoto mkubwa aliyeacha masomo, au mjane anayeuza vyombo vyake.

Neno kwa vijana

Enyi vijana wetu, wavutaji walio wengi huanza kabla ya kukomaa. Hakuna aanzaye kwa kuwa moshi ni mtamu. Sigara ya kwanza humkohoza kila mtu na kumzungusha kichwa. Kijana huanza ili aonekane mkubwa mbele ya wenziwe. Lakini sigara haimwongezei mtu ukubwa hata kidogo. Humtoa katika utumwa wa kuwaogopa marafiki ikamtia katika utumwa wa nikotini, na huu wa pili ni mgumu zaidi kuukata.

Jueni pia kwamba wako watu ambao utajiri wao wategemea ninyi kuanza. Tarehe 4 Januari 1954 makampuni makubwa ya sigara ya Marekani yalichapisha tangazo katika magazeti zaidi ya 400, yakawahakikishia watu kwamba bidhaa zao, kwa imani yao, hazidhuru afya. Miaka 52 baadaye, mwaka 2006, Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya Washington alihukumu kwamba makampuni hayo yaliwadanganya watu kwa miongo mingi juu ya madhara ya sigara. Basi atakayekuambia leo kwamba jambo hili halina ubaya, muulize kwanza anauza nini.

Wala msidanganyike na shisha kwa kuwa ina harufu ya matunda na moshi wake hupita majini. Maji huupoza moshi, hayausafishi. Shirika la Afya la Dunia lilitahadharisha mwaka 2005 kwamba mvutaji wa shisha, katika kikao kimoja, huweza kuvuta moshi mwingi kama wa sigara 100 au zaidi. Na bomba la kupokezana huweza kupitisha maradhi kutoka kinywa hiki hadi kile. Ama sigara za umeme, nyingi zina nikotini ile ile inayofunga.

Huenda kijana akauliza: "Baba yangu ndiye anayevuta. Mimi ni mtoto, nitamwambiaje?" Hili ni swali la mwenye adabu. Jawabu yetu ni kwamba kumnasihi mzazi si kumvunjia heshima, maadamu njia ni njema. Usimwambie mbele ya wageni, wala usimwambie akiwa na hasira. Mngoje mmekaa peke yenu, umwambie kwa sauti ya chini kwamba unamtakia umri mrefu, na kwamba kifua cha mdogo wako kinakutia khofu. Ukiona vizito, pitia kwa mama, au kwa ami, au kwa babu, au kwa mwalimu wa madrasa anayemheshimu. Usianze kwa kumtaka aache kabisa; anza kwa kumwomba kitu kimoja: asivute ndani ya nyumba. Baba wengi hawatakataa ombi hilo, na mlango huo mdogo ukifunguliwa, ule mkubwa huwa karibu.

Njia ya kutokea

Serikali zetu zimefanya sehemu yao. Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na Kenya mwaka 2007, na sheria hizo zakataza kuwauzia sigara walio chini ya miaka 18. Lakini sheria ya serikali huishia mlangoni. Ndani ya nyumba, sheria ni baba na mama.

Twawaambia wavutaji: mnaweza. Nayo dalili ni Ramadhani. Mtu ambaye husema hawezi kukaa saa mbili bila sigara, mwezi ule hukaa tangu alfajiri hadi magharibi, siku 29 au 30, na kazi yake akaifanya. Mwili wake nao hufurahi: kwa muda wa kama saa 12 tangu sigara ya mwisho, ile kaboni monoksaidi katika damu hurudi katika kiwango cha kawaida. Ni masikitiko makubwa kwamba wengine, mwadhini anapoadhini, huitangulia tende kwa sigara, wakaubomoa usiku ule walichokijenga mchana kutwa. Ambaye ameweza mchana, na ajaribu na usiku.

Chagua siku, uwatangazie watu wa nyumbani ili wakusaidie. Ondoa nyumbani sigara, viberiti na visahani vya majivu. Jihadhari na baraza na marafiki ambao kahawa yao haikamiliki bila moshi, walau kwa wiki chache za mwanzo. Hamu ikikujia, jua kwamba kwa kawaida hupita kwa dakika chache; kunywa maji, tawadha, tembea. Ukishindwa peke yako, mwendee tabibu, kwani leo kuna dawa na njia za kusaidia. Na ukianguka mara moja, usiseme umekwisha. Wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja.

Wala asiseme mtu: "Nimekwisha kuzeeka, ya nini tena?" Baada ya mwaka mmoja wa kuacha, khatari iliyoongezeka ya maradhi ya moyo hupungua kiasi cha nusu. Wale matabibu wa Uingereza walionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata umri wa kama miaka 3 zaidi, wa miaka 50 akapata 6, wa miaka 40 akapata 9, na wa miaka 30 akaokoa karibu miaka yote 10. Umri umo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini kushika sababu tumeamrishwa.

Tumeyatazama madai yote matatu. Mwili ni amana, pesa zina wenyewe, na madhara ni ya nyumba nzima. Twawaomba akina baba, kabla ya kuwasha ile inayofuata, watazame kwanza ni nani aliyelala chumbani. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awape nguvu wanaotaka kuacha, na awaponye waliokwisha kudhurika. Amin.